Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Maegesho ya Mijini: Sheria Isomeke Kabla Dereva Hajafunga Mlango

Kwa wakurugenzi wa halmashauri za miji, wakuu wa idara za barabara na wote mnaosimamia maegesho ya pembezoni mwa barabara,

Yah: Kuziweka sheria za maegesho kwa namna ambayo dereva anaweza kuzielewa pale pale anapoegesha

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kuhusu faini za maegesho wanazotozwa watu ambao hawakukusudia kuvunja sheria yoyote. Simzungumzii yule anayeliacha gari lake juu ya kivuko cha waenda kwa miguu, au anayeziba mteremko uliojengwa kwa ajili ya viti vya magurudumu, kisha akaenda zake; huyo anajua alichokifanya, na mkimtoza faini mimi niko upande wenu. Ninamzungumzia dereva aliyezunguka mtaa akitafuta nafasi, akaipata, akakitazama kibao, akakisoma kadiri alivyoweza, akaamini kwamba anaruhusiwa, na aliporudi akakuta karatasi imebanwa chini ya kifuta kioo. Dereva huyo alitaka kutii. Kilichomshinda ni kujua atii nini, na kumjulisha hilo ni wajibu wenu.

Ombi langu ni moja, nalo ni kwamba kila sheria ya maegesho mnayoiweka isomeke na ieleweke kwa mtu aliyefika mtaani hapo kwa mara ya kwanza, kabla hajafunga mlango wa gari lake na kuondoka. Hayo mengine yote nitakayoyasema yanatokana na ombi hilo.

Naanza na sababu za sheria zenyewe, kwa kuwa dereva akiijua sababu huikumbuka sheria hata pale ambapo hapana kibao. Mita ya kwanza ya maegesho, yaani kifaa cha kulipia muda wa kuegesha, ilisimikwa Oklahoma City, Marekani, tarehe 16 Julai 1935, kutokana na wazo la mhariri wa gazeti Carl Magee, na ada yake ilikuwa senti 5 kwa saa. Shida iliyoizaa ilikuwa shida ya nafasi, kwa sababu watu waliofanya kazi katikati ya mji waliegesha magari yao tangu asubuhi hadi jioni, na wateja waliokuja kwa shughuli za muda mfupi wakakosa mahali pa kusimama. Mita iliwekwa ili nafasi moja iwafae watu wengi kwa siku. Ukomo wa saa moja au mbili tunaouona kwenye vibao vya miji mingi umetokana na haja hiyo hiyo, na ndiyo maana katika miji mingi kuongeza fedha kwenye mita baada ya muda wa juu kabisa kwisha hakumwokoi dereva na faini. Anachotakiwa kufanya ni kuondoka ili mwingine aingie. Jambo hili ni jepesi kulielewa likielezwa. Hata hivyo, ziko mashine zinazopokea malipo ya ziada pasipo kumwonya anayelipa kwamba muda wake wa juu umekwisha, na yeye huondoka akiamini kwamba amelindwa na risiti aliyonayo mkononi.

Sheria za usalama nazo zina sababu zake, tena nzito zaidi. Gari lililoegeshwa karibu mno na kona humficha mtoto anayetaka kuvuka, na dereva anayekuja humwona akiwa tayari ameshaingia barabarani. Gari lililoegeshwa mbele ya bomba la maji ya zimamoto huwapotezea wazima moto dakika ambazo mwenye nyumba inayoungua hana. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayelipinga hilo, lakini umbali unaotakiwa haufanani mahali na mahali. Kanuni za barabarani za Uingereza humkataza dereva kuegesha ndani ya mita 10 kutoka kwenye makutano, ilhali sheria ya Ujerumani hutaja mita 5. Katika jiji la New York na katika jimbo lote la California, bomba la zimamoto huachiwa futi 15, yaani takriban mita 4 na nusu. Tangu mwanzo wa mwaka 2025, California inawatoza faini wanaoegesha ndani ya futi 20, karibu mita 6, kabla ya kivuko cha waenda kwa miguu, na sheria hiyo inafanya kazi hata pale ambapo ukingo wa barabara haujapakwa rangi.

Ningependa mlitazame kwa makini jambo hilo la mwisho, kwa sababu linafanana na hali ya miji mingi. Lengo la sheria ni jema kabisa, ila dereva anatakiwa akadirie umbali kwa macho, akiwa ndani ya gari, huku magari mengine yakimpigia honi kwa nyuma. Anayekosea kwa nusu mita hutozwa sawa na aliyepuuza kabisa. Ndoo ya rangi na asubuhi moja ya kazi vingelimaliza jambo hilo, na kivuko kingelindwa vizuri zaidi kuliko kinavyolindwa na faini, maana rangi humzuia mtu kabla hajaegesha, lakini faini huja wakati kivuko kimekwisha kuzibwa kwa saa nzima. Pale ambapo usalama wa watu unategemea nafasi kuachwa wazi, nawasihi mpake rangi kwanza.

Kuna jingine linalowachanganya madereva wengi kuliko umbali, nalo ni mpaka uliopo kati ya kusimama na kuegesha. Mikataba iliyotiwa saini Vienna mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani na alama zake inavitenganisha vitu hivyo viwili. Gari lililotulia kwa muda unaotosha kupandisha au kushusha watu, au kupakia na kushusha mizigo, limesimama tu, ilhali lililotulia kwa sababu nyingine huhesabiwa kuwa limeegeshwa. Alama zake zinafuata mgawanyo huo: duara la buluu lenye ukingo mwekundu na mstari mmoja mwekundu wa mshazari linakataza kuegesha, na duara hilo hilo likiwa na mistari miwili inayokatana linakataza hata kusimama. Ujerumani imeuchora mpaka huo kwa dakika, kwani huko anayesimama zaidi ya dakika tatu, au anayeliacha gari lake, amekwisha kuegesha. New York ina ngazi tatu, ambapo kibao cha kwanza kinaruhusu kusimama kidogo kwa ajili ya abiria na mizigo, cha pili kinaruhusu abiria peke yao, na cha tatu hakiruhusu kusimama kwa sababu yoyote isipokuwa kufuata amri ya askari au taa, au kuepuka ajali.

Dereva anayezijua tofauti hizi hujiepusha na faini nyingi. Hujua kwamba kuwasha taa za tahadhari hakubadilishi hali ya gari kisheria, na kwamba kubaki kwenye usukani injini ikiunguruma hakumfanyi awe hajaegesha. Lakini tuulizane kwa haki: ni wapi anapofundishwa? Wengi hujifunza alama mara moja katika maisha yao, wakati wa kutafuta leseni, na baada ya hapo mji huongeza vibao na kubadilisha masharti kila mwaka pasipo kuwaita tena darasani. Mikataba hiyo hiyo ya Vienna ina alama zenye namba za Kirumi, I kwa kukataza kuegesha siku za tarehe witiri na II kwa siku za tarehe shufwa. Ni alama halali, na yenye manufaa katika mitaa myembamba, lakini dereva anayetoka mahali ambapo haitumiki hawezi kuitambua maana yake kwa kuiangalia tu. Kijibao kidogo chenye maneno chini yake kingemtosha.

Sasa nije kwenye vibao, ambako naona chanzo kikubwa cha malalamiko ya madereva. Kibao kimoja peke yake mara nyingi hueleweka. Taabu huanza pale nguzo moja inapobeba vinne au vitano, ambapo kimoja kinakataza kuegesha saa za asubuhi kwa ajili ya kufagia barabara, kingine kinaruhusu kuegesha kwa muda wa saa mbili siku za kazi, cha tatu kinawaachia nafasi wenye vibali vya wakazi wakati wa usiku, cha nne kinatenga eneo la kupakia mizigo, na kila kimoja kina mshale wake. Kila kimoja kiliwekwa na idara yake, kwa wakati wake, kwa sababu nzuri. Hakuna aliyesimama chini ya nguzo hiyo baadaye na kuvisoma vyote kwa pamoja, isipokuwa dereva, naye anavisoma jioni akiwa na haraka.

Anayetaka kuisoma nguzo kama hiyo vizuri analazimika kufuata utaratibu ambao haukuandikwa popote. Kwanza aitazame mishale, ili ajue ni vibao vipi vinahusu upande wa nguzo aliouegeshea. Kisha atafute makatazo kabla ya ruhusa, kwa sababu ruhusa ya saa mbili haifuti katazo la kusimama saa za msongamano, na masharti yote yaliyoko kwenye nguzo yanafanya kazi kwa pamoja. Baada ya hapo ahesabu siku na saa, tena si za wakati anaofika tu, bali hadi wakati anaokusudia kuondoka, kwa kuwa nafasi iliyo halali saa nane mchana inaweza kuwa njia ya mabasi ifikapo saa kumi. Mwisho aulize kama leo ni sikukuu, na kama sikukuu zinahesabiwa. Huo ni mtihani mrefu kwa mtu anayetaka kununua dawa na kurudi nyumbani.

Na mtihani huo unaweza kurahisishwa. Mbunifu Nikki Sylianteng aliupendekeza mpango wa kuonyesha masharti yote ya nguzo moja katika jedwali moja, siku zikipangwa kwa upande mmoja na saa kwa upande mwingine, kijani kikiruhusu na nyekundu ikikataza, na mwaka 2015 jiji la Los Angeles likaanza kujaribu vibao vya namna hiyo katikati ya mji. Dereva anatafuta siku yake, anashuka hadi kwenye saa yake, anaona rangi. Uzuri wa njia hii ni kwamba inawalazimisha kwanza ninyi wenyewe mzikutanishe sheria zenu kabla ya kumkabidhi dereva, na pale zinapopingana, mtaligundua ofisini badala ya dereva kuligundua kwenye karatasi ya faini. Wasioweza kutofautisha kijani na nyekundu wafikiriwe pia, kwa kuongeza michoro au herufi ndani ya visanduku.

Yapo pia masharti yasiyoonekana mahali gari linaposimama. Nchini Uingereza, kwa mfano, maeneo yenye udhibiti wa maegesho huonyesha saa zake kwenye vibao vilivyoko sehemu za kuingilia, na mstari mmoja wa njano ulio ndani ya eneo hilo hauhitaji kibao chake ikiwa saa zake ni zile zile za eneo. Mistari miwili ya njano haina shida, kwa kuwa inakataza kuegesha wakati wote, lakini mstari mmoja humtaka dereva akumbuke kibao alichokipita akiwa mwendoni, pengine mitaa kadhaa nyuma. Naielewa nia ya kuepusha msitu wa nguzo. Hata hivyo, naona ni afadhali mji uwe na nguzo chache za ziada kuliko uwe na sheria zinazowategea watu waliopita kwenye kibao huku macho yao yakiwa kwa mtoto anayevuka, mahali ambapo yalipaswa kuwa.

Waheshimiwa, katika mambo yote nitakayoyataja, lililo zito zaidi kwangu ni vibao vya muda. Mtu ameegesha gari lake kihalali, akasafiri au akalazwa hospitalini. Siku ya pili yake mafundi wanaleta vibao vya kukataza maegesho kwa ajili ya ukarabati, upigaji picha au msafara, na siku ya tatu gari limevutwa. Mwenyewe hakufanya kosa lolote, maana sheria ilimfuata akiwa hayupo. Mahakama Kuu ya Utawala ya Ujerumani iliamua mwaka 2018 kwamba mwenye gari lililoegeshwa kihalali anaweza kudaiwa gharama za kulivuta ikiwa tu kibao cha muda kiliwekwa angalau siku tatu kamili kabla. Sisemi kwamba siku tatu zinatosha kwa kila mtu. Anayesafiri kwa wiki mbili bado yuko hatarini. Ninasema kwamba panahitajika kipimo kinachojulikana, kilichoandikwa, kinachowabana hata ninyi, na kwamba kila kibao cha muda kibebe tarehe kilipowekwa, ili pakitokea ubishi pawe na kitu cha kushika. Na inapokuwa kazi ya dharura haiwezi kungoja, kama vile bomba kupasuka, basi gari lihamishiwe mtaa wa jirani bila malipo wala faini, na mwenyewe aarifiwe lilipo.

Kuhusu malipo nitasema machache. Miji mingi imeondoa sarafu na kuleta programu za simu, na kwa wengi hayo ni mafanikio. Lakini asiye na simu ya kisasa, au ambaye simu yake imezimika, anahitaji njia nyingine iliyo karibu, na iandikwe kwenye kibao hicho hicho. Namba ya eneo la kulipia iandikwe kwa herufi kubwa, kwa kuwa anayekosea tarakimu moja hulipia mtaa ambao hayupo. Aliyelipa kikamilifu akakosea herufi moja ya namba ya gari lake hajauibia mji kitu, na faini yake ifutwe mara tu anapoonyesha risiti. Mita ikiharibika, dereva aambiwe waziwazi kama anaruhusiwa kuegesha kwa muda wa kawaida bila kulipa au anatakiwa kutafuta mita nyingine, maana miji haifanani katika jambo hilo, na kukisia kunagharimu.

Nje ya hayo kuna faini yenyewe. England imekuwa na muda wa nyongeza wa dakika 10 tangu mwaka 2015 kwenye nafasi za kulipia za halmashauri na zile zenye ukomo wa muda, na sijaona sababu ya mji wowote kushindwa kufanya vivyo hivyo, kwa kuwa dakika hizo haziharibu mzunguko wa nafasi na zinauondoa uchungu wa kuadhibiwa kwa sababu ya foleni ya duka. Nyongeza hiyo isiwahusu wanaoziba vivuko, njia za magari ya dharura na nafasi za watu wenye ulemavu. Hapo dakika moja tayari ni nyingi. Karatasi ya faini nayo itaje kosa kwa maneno ya kawaida, ionyeshe picha ya gari pamoja na kibao kinachohusika, na ieleze namna ya kukata rufaa kwa ukubwa ule ule wa maandishi unaotumika kueleza namna ya kulipa. Pale ambapo kuna punguzo kwa anayelipa mapema, kama ile nusu inayotolewa huko England ndani ya siku 14, anayepinga faini ndani ya siku hizo asinyimwe punguzo kwa sababu tu aliuliza, kwa kuwa mtu anayelazimishwa kuchagua kati ya nusu ya leo na hatari ya kulipa yote kesho atalipa hata pale anapojua kwamba hakukosea, nanyi hamtajua kamwe kwamba kibao chenu kilikuwa na kasoro.

Ninafahamu kwamba fedha za maegesho huendesha mambo mengi, na kwamba baadhi yenu mna bajeti zinazozitegemea. Hapo naomba niseme bila kuzunguka. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya England na Wales iliamua kwamba halmashauri ya Barnet, jijini London, haikuwa na mamlaka ya kupandisha ada za vibali vya maegesho kwa lengo la kupata ziada ya kugharamia mambo mengine ya usafiri. Uamuzi huo ni wa sheria ya huko, lakini hoja yake inastahili kupimwa kila mahali, kwa sababu madaraka ya kusimamia barabara hutolewa kwa ajili ya barabara. Mji ukishazoea mapato ya faini, kibao kinachowachanganya watu hugeuka kuwa mali, na hakuna mtu ofisini atakayekuwa na haraka ya kukirekebisha.

Kwa hiyo naomba jambo moja la vitendo, ambalo halihitaji sheria mpya wala bajeti kubwa. Kumbukumbu zenu zinaonyesha ni nguzo zipi na mitaa ipi inayotoa faini nyingi kupita nyingine. Zitoeni hadharani, mtaa kwa mtaa, kila mwaka. Kisha, kwa kila sehemu iliyoko juu kabisa ya orodha hiyo, mpelekeni mtu asiyefanya kazi katika idara yenu na ambaye hajawahi kuegesha hapo, mwekeni ndani ya gari kwa siku na saa mtakayoichagua, na mumwulize kama anaruhusiwa kusimama hapo na hadi saa ngapi. Akijibu vibaya, faini zisitishwe mahali hapo hadi kibao kibadilishwe, na zile zilizotozwa chini ya kibao hicho zipitiwe upya.

Ninaomba pia majibu yenu yawe ya wazi kama ilivyo barua hii, yakitaja ni idara ipi itakayolishughulikia jambo hili na kuanzia lini.

Ninawasilisha kwa heshima,

Dereva na mlipa kodi wa mjini